Safu Tatu za Ukweni

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni kwa Mzee Chenge, ng'ambo ya Kamanga, nimebeba baiskeli begani badala ya baiskeli kunibeba mimi. Matairi yote mawili yalikuwa na pancha, na mguu mmoja wa suruali yangu nzuri ulikuwa umeliwa na mnyororo.

Kwa wale ambao hamkuwapo: mimi ni Obedi, Mjita, niliyepunguzwa kazi kwenye ghala la shirika la umma pamoja na wenzangu wote, nikaangukia kwenye yadi ya magari yaliyotumika ya Bwana Iqbal, pale Igoma. Kazi yangu ni kuwaeleza wateja sifa za magari ambayo mimi mwenyewe huyakalia wakati wa kuyaosha tu.

Nilimpenda Rebeka, mwalimu wa chekechea. Rebeka naye alinipenda, kwa sababu anazozijua yeye. Baba yake, huyo Mzee Chenge, hakunipenda, na sababu alizitaja. Alinitazama mimi, akaitazama baiskeli, akasema binti yake haolewi na mtu anayebeba kile kinachopaswa kumbeba.

Nikarudi Mwanza nikijua yamekwisha. Nkwabi, mshenga wangu, hakujua hivyo.

Nkwabi anauza mashati ya mitumba, na mdomo wake huwa umeshafika mahali kabla yeye mwenyewe hajafika. Alivuka ziwa peke yake bila kuniambia, akarudi anatabasamu. Akasema Mzee Chenge amekubali kuja kuona ninapoishi. Atakuja Jumamosi na dada yake, na Rebeka, na kaka zake Rebeka wawili.

Nikamuuliza ni kitu gani kimembadilisha mzee. Nkwabi akajikuna shingo. Alikuwa amemwambia kwamba ile baiskeli ilikuwa ya mazoezi tu, maana daktari amenionya kwamba nakaa mno ndani ya gari langu.

"Gari langu lipi?" nikauliza.

"Lile la kijani la safu tatu. Si uliniambia habari zake Jumapili?"

Nikamwambia nilimweleza kama gari la kazini. Nkwabi akasema mzee hakuuliza ni la nani, aliuliza lina siti ngapi.

Na kweli gari lilikuwapo, ndugu zangu. Lilikuwa limetoka Japani, likashushwa Dar es Salaam, likaletwa Igoma wiki ileile. Rangi yake kijani kibichi, mkanda wa dhahabu chini ya milango, tairi la akiba mgongoni. Mbele watu wawili, katikati watatu, nyuma wawili. Injini ya dizeli yenye tabo ya kuiongezea pumzi. Kiyoyozi cha mbele na kingine cha nyuma. Dirisha la paa linalofunguka kwa kubonyeza. Magurudumu yote manne yanavuta ukitaka, mawili usipotaka. Tumbo lake liko juu kiasi kwamba mbuzi anapita chini bila kuinama.

Nisameheni. Nikianza kulieleza gari sinyamazi. Ni ugonjwa wa kazi, na mtaona ulivyoniponza.

Ijumaa Bwana Iqbal mwenyewe akanipa njia. Akasema kuna mteja kutoka ng'ambo ametuma ujumbe, anakuja Jumamosi mchana kulitazama lile gari la kijani. Kwa hiyo asubuhi nilioshe, nilizungushe mjini watu walione, kisha nilirudishe likiwa limepata moto. Aliniamini. Mimi nikasema ndiyo tajiri, wala sikumtajia mkwe yeyote.

Jumamosi nikawa kwenye kivuko pamoja na Nkwabi, nimevaa shati jeupe la mkopo kutoka meza ya Nkwabi, nimeegemea gari kwa kiwiko, kama nilivyowaona matajiri wakiegemea.

Mzee Chenge akashuka kwenye pantoni amevaa kofia ya pama na koti zito. Nyuma yake akaja dada yake, shangazi Teodora, mama mpana mwenye sauti inayofika kabla yake. Kisha Rebeka. Kisha wale kaka wawili, ambao siku ile nzima hawakusema neno hata moja, na sijui hadi leo kama walikuwa na hasira au walikuwa na njaa.

Nikaamkia. Mzee akaitika marahaba, lakini aliitika akilitazama gari, sijui aliitikia lipi kati yetu.

Rebeka akanisogelea kama anayenipangusa vumbi begani. Akaniuliza kwa sauti ya chini gari ni la nani. Nikamwambia la kazini. Akafumba macho kidogo, akafumbua, akaenda kusimama upande wa pili. Najua alikuwa anasali, ila sijui alikuwa anamwombea nani.

Shida ya kwanza ikawa kukaa. Kwenye gari la safu moja hakuna ugomvi, dereva anakaa na wengine wanatembea. Safu tatu ni baraza zima. Nani awe mbele, nani awe kwenye kisogo cha nani? Mzee akachukua mbele. Nkwabi, Rebeka na kaka mmoja wakapangwa katikati. Kaka wa pili akaelekezwa nyuma.

Shangazi Teodora akasema nyuma anakaa yeye peke yake, kaka akabanane na wale wa katikati. Alikuwa ameona mabasi mengi yakipata ajali barabarani, na katika yote mtu wa mwisho kuumia ni wa siti ya mwisho.

Nikakunjua zile siti ndogo za nyuma zilizokunjwa ubavuni, nikalaza siti ya katikati, shangazi akapita. Alipita kwa shida na kwa maneno mengi. Alipokaa, gari likashuka nyuma na taa za mbele zikatazama juu.

Tukaondoka. Mzee Chenge akawa anakikagua kila kitu mle ndani mpaka tulipopita Kirumba. Kisha akanyoosha kidole kwenye vile visaa vitatu vilivyo juu ya dashibodi, akauliza hiki cha katikati kinachochezacheza ni cha nini.

Nikamweleza kwamba kinaonyesha gari limelala upande kiasi gani. Likiinamia kushoto, kigari kidogo cha kuchora mle ndani kinainamia kushoto.

Mzee akafikiri. Akasema dereva ambaye gari linalala na yeye hajui mpaka aangalie saa, huyo asipewe gari. Nikamwambia ni kweli, baba. Lakini akaendelea kukitazama. Barabara ilikuwa tambarare na kile kigari kilikuwa kimeinamia kulia.

"Kwa nini kimelala?"

Sikutaka kujibu. Nkwabi akajibu kwa niaba yangu, akasema ni kwa sababu shangazi amekaa kulia. Mzee akageuka, akamwomba dada yake asogee kushoto. Shangazi akasogea. Kigari kikainuka, kikasimama sawasawa.

Mzee Chenge akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Akamwomba asogee tena kulia, kikalala. Kushoto, kikasimama. Alifanya hivyo mpaka shangazi akamwuliza kama amekuja kuoza binti au kupima mizani.

Hapo ndipo ulimi wangu wa dukani ukafunguka. Niliona mzee anafurahi, nikasahau kuwa mimi ni mkwe, nikawa mwuzaji. Nikamwonyesha kioo kinachojishusha chenyewe. Nikamwonyesha kisanduku cha ubaridi kati ya siti, kinachoweka soda mbili. Nikawasha kiyoyozi cha nyuma.

Shangazi Teodora akauliza nani amefungua mlango wa baridi. Hakukuwa na mlango. Alijifunga kitenge chake kichwani, cha pili mabegani, akakohoa kwa makusudi hadi Pasiansi. Nilikuwa sijui kukizima, maana vitufe vyote vimeandikwa Kijapani. Nilibonyeza kimoja, akaanza kuimba mwanamke.

Ilikuwa kaseti ya mwenye gari wa zamani, na ilikuwa imekwama. Mwanamke aliimba kwa huzuni. Mzee akataka kujua analia nini. Nikamwambia amefiwa. Baadaye akauliza tena, nikasema ni yuleyule, bado msiba haujaisha. Akatikisa kichwa kwa huruma na kuvua kofia.

Kufika Pasiansi nikapitia njia ya ufukweni ili waione nyumba yangu kwa upande mzuri, upande wa miti, siyo upande wa choo. Mchanga ukatukamata. Matairi yakazunguka, gari likazama, kigari cha kwenye saa kikalala na kukataa kuinuka, hata shangazi aliposogea kote kuwili.

Bwana Iqbal alisema lizungushwe mjini, hakusema lizikwe ziwani.

Nikavuta kile kigongo kifupi kilicho pembeni ya gia, cha kuamsha magurudumu yote manne. Sikuwahi kukivuta. Kwa wateja huwa nakionyesha tu kwa kidole. Kitu kikagonga chini, injini ikaunguruma kwa sauti nyingine, na gari likapanda kutoka kwenye mchanga polepole kama mtu anayetoka kitandani.

Mzee Chenge akageuka kuutazama ule mchanga tuliotoka. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliye kanisani, kwamba maksai wake wote wasingelitoa pale.

"Na hapo sijaweka gia ya chini kabisa, baba," nikasema.

Mjinga mimi.

Nyumbani, Mama Gladness, jirani yangu, alikuwa amepika sato na ugali na ameazima viti. Watu wakashuka. Shangazi Teodora hakushuka. Siti ya katikati ilikataa kulala. Nilivuta kamba, nikavuta kishikio, Nkwabi akaipiga teke, nayo ikabaki imesimama. Nikasema hakuna tatizo, tutamtolea mlango wa nyuma.

Shangazi akapima ule mlango kwa macho, akauliza watu waliokuwa wameshajikusanya pale nje ni wa nini. Akasema hatoki kinyumenyume kama robota la pamba mbele ya watu wa Pasiansi. Ataikagua nyumba kutokea hapo alipo.

Basi nikalisogeza gari hadi dirisha la jikoni. Akatazama. Akaagiza lisogezwe chumbani. Nikalisogeza. Akasema pazia ni fupi. Nikalizungusha hadi kwenye choo, akasema choo ni kizuri kuliko pazia. Chakula chake kikapelekwa na Rebeka kupitia kioo cha ubavuni, na maji ya kunawa pia, na vijiti vya meno.

Mzee aliiona nyumba yote kwa muda mfupi kuliko nilivyotumia kufagia. Alisema inatosha. Alisema sebule inatosha, chumba kinatosha. Kisha akarudi garini, akakaa mbele na sahani yake ya sato mapajani, akaendelea kuwasimulia majirani waliojikusanya habari za kile kisaa cha katikati.

Mimi nilikuwa nafurahi, nisiwafiche. Rebeka alinipita na ndoo, akaniambia baba amesema niitwe Obedi. Kabla ya hapo alikuwa ananiita yule wa pancha.

"Mwambie ukweli leo," akasema. "Akishakupenda zaidi ya hivi itakuwa vigumu."

Nikamwambia nitamwambia tukimrudisha kwenye kivuko. Akaniuliza kwa nini isiwe sasa. Nikamwambia mzee anakula. Rebeka akasema mzee wake hajawahi kuacha kula kwa sababu ya habari yoyote. Nikaenda kutafuta chumvi.

Mchana ulipofika nikakumbuka mteja wa Bwana Iqbal. Nikasema jamani, nina miadi kidogo mjini, niwawahishe kwenye kivuko. Mzee akasema kabla ya kivuko ana jambo lake, ataniambia tukiwa njiani, kwa sasa nifuate barabara ya Musoma.

Barabara ya Musoma inapita Igoma. Nikasema labda anataka kusalimia ndugu Nyakato.

Tulipokaribia Nyakato akaniuliza lile dirisha la paani linafunguka kweli au ni pambo. Nikalifungua. Akaliangalia. Akavua viatu, akasimama juu ya siti, akatoka nje hadi kiunoni, kofia kichwani, koti zito likipepea.

Mnajua mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Ilikuwa kampeni, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na kila gari jipya lenye mtu aliyesimama paani lilikuwa na kitu cha kugawa. Watu wa sokoni wakaliona letu. Wakaanza kupunga. Mzee, kwa adabu yake, akapunga pia.

Wakakimbia kutufuata. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu mmoja akauliza ni chama gani, mwingine akamjibu hakuna haja ya kujua chama, tusubiri fulana.

Nikasimama, maana mbele kulikuwa kumejaa watu. Wakamtaka aseme. Nikamvuta mzee suruali ashuke, akautikisa mguu. Akawaambia wale watu kwamba yeye ni Chenge, mkulima wa pamba, na mfugaji, na hana neno ila ameridhika na barabara. Wakapiga makofi. Mmoja akauliza habari za maji ya bomba. Mzee akasema kwao pia hayatoki. Wakapiga makofi kuliko mara ya kwanza, na mzee mmoja wa pale akasema huyu angalau hadanganyi.

Waliponiachia njia, Mzee Chenge akashuka kwenye siti, akavaa viatu, macho yanang'aa. Akaniwekea mkono begani. Ndugu zangu, mkono wa baba mkwe begani ni mzito kuliko gari.

"Mwanangu Obedi," akasema, "sasa nikwambie jambo langu. Nimeuza pamba kwa hawa wanunuzi binafsi, nimeuza na ng'ombe. Nataka kununua gari. Nilisikia kuna Bwana Iqbal hapa Igoma analo zuri, nikamtumia ujumbe kwamba nakuja leo. Lakini mimi magari siyajui. Wewe unalo. Twende ukanitazamie, asije akaniuzia bovu."

Nilipitiliza kona. Nikarudi kinyumenyume. Nyuma yangu Rebeka alikuwa ameweka kiganja usoni, na Nkwabi alikuwa anatazama nje kama abiria aliyepanda kwa bahati mbaya.

Nikajaribu. Nikamwambia yadi ile leo imefungwa. Mzee akasema lango hilo hapo, liko wazi. Nikamwambia Bwana Iqbal amesafiri. Bwana Iqbal akatokea langoni, mikono ameitandaza, amevaa kanzu yake safi ya wateja.

Tukaingia. Mzee akashuka, wakasalimiana. Mimi nilisimama nyuma ya mzee nikitikisa kichwa, nikiweka kidole mdomoni, nikikunja mikono kama anayeomba mvua. Bwana Iqbal alinitazama. Ni mtu mwepesi wa akili, ndiyo maana ana yadi.

Mzee akamwambia, "Nimekuja kwa ile habari. Lakini nisikufiche, nataka kama hili la mkwe wangu. Lingine sitaki."

Bwana Iqbal akalitazama gari lake. Akautazama mchanga wa ziwa kwenye matairi. Akanitazama mimi na shati langu la mkopo. Nikasubiri kufukuzwa kazi mbele ya ukoo mzima.

Hakunifukuza. Akasema taratibu kwamba kama hili hana lingine, lilikuja moja tu, na alijuta siku lilipotoka mikononi mwake. Ila kama mkwe atakubali kuliachia, yeye yuko tayari kusimama katikati yao, watu waelewane bei. Akanikonyeza.

Nikaona mbingu imefunguka. Gari litauzwa, tajiri atapata haki yake, mzee atapata kisaa chake, na mimi nitakuwa mtu aliyewahi kuwa na gari. Hakuna aliyedanganywa sana. Mzee akanigeukia, akasema basi Obedi, niuzie.

Nikafungua mdomo kusema nimekubali.

Sauti ikatoka ndani ya gari, kwenye safu ya tatu.

"Tangu lini," akasema shangazi Teodora, "mtu anayeoa akamwuzia baba mkwe?"

Akaendelea kutokea huko nyuma, kitenge kichwani, kwamba amekaa kwenye gari hili tangu asubuhi, analijua kuliko sisi sote, na kwa ukoo wao kitu baba mkwe akikipenda hakiuzwi, kinaingia kwenye mahari. Angekuwa na aibu kurudi kijijini kusema kaka yake amenunua kitu kwa anayemwoa binti yake, kama mtu wa njiani.

Mzee Chenge akavua kofia, akaishika mbele ya tumbo. Alikuwa anafikiri, na wazo lilikuwa linampendeza. Wale kaka wawili wakatazamana, wakaitikia kwa kichwa, na hiyo ndiyo kauli pekee waliyoitoa siku ile.

"Dada amesema kweli," akasema mzee. "Ng'ombe wako sitaki, Obedi. Usihangaike nao tena. Nimekupa Rebeka, na wewe umenipa hili. Imekwisha."

Akanikumbatia. Kisha akaenda upande wa dereva, akapanda, akaukamata usukani kwa mikono miwili. Alikuwa hajui kuendesha. Nkwabi akapiga makofi kwa mazoea, akaacha katikati.

Nikamgeukia Bwana Iqbal. Tabasamu lilikuwa bado limo usoni mwake, lakini yeye mwenyewe hakuwamo ndani yake. Akaanza kuja kwangu. Hakuja haraka.

Rebeka akawahi. Akasimama kati yangu na tajiri wangu, akaweka mkono kwenye mlango wa gari.

"Baba, shuka kwanza," akasema. "Obedi ana neno."

Wote wakanigeukia, hata shangazi akafuta ukungu kwenye kioo ili anione vizuri.

Na mimi, wasomaji wangu, neno sikuwa nalo; nipeni mpaka wiki ijayo nilitafute.